Mtu anakaaje miaka mingi na bakteria wa TB na ukoma tu? Naombeni maelezo wakuu

mtoto_wa_hadubini:

Wakuu habari za jioni, shikamooni wakubwa wote. Mimi ni mwanafunzi mwaka wa tatu sayansi ya maabara, kwa sasa nipo fildi hospitali moja ya wilaya na wamenipanga kitengo cha TB na ukoma, hii ni wiki ya sita. Kazi yangu kubwa ni kupokea makohozi, kupaka slaidi, kuweka sampuli kwenye GeneXpert na kujaza rejista. Mgonjwa wa ukoma nimemwona mmoja tu tangu nifike, mama wa makamo ana mabaka mgongoni, ukimgusa na pamba hasikii kitu, na siku ile nilirudi geto sina raha kwa sababu nilimkumbuka bibi yangu mzaa mama.

Bibi alitibiwa ukoma mwishoni mwa miaka ya 80 akapona kabisa, ila vidole viwili vya mkono wa kushoto vimejikunja mpaka leo na nyumbani hakuna anayeligusia, ukiuliza unaambiwa aliungua moto. Mimi mwenyewe nimejua mwaka juzi tu, aliniambia tukiwa wawili tunachambua mchele.

Sasa swali langu. Chuoni lekchara mmoja alimtaja kwa haraka mtu anaitwa Stewart Cole, akasema ndiye aliongoza kazi ya kusoma jenomu nzima (yani herufi zote za DNA) ya bakteria wa TB na baadaye ya bakteria wa ukoma, slaidi ikapita tukahamia mada nyingine, mimi nikabaki palepale. Huyu mtu alikuwa anafanya nini hasa miaka yote hiyo na bakteria wawili? Na kwa nini hawa wawili wanawekwa pamoja kila mahali, hadi kwenye kibao cha mlango wetu, wakati huyu anakaa kwenye mapafu na yule kwenye ngozi? Na la mwisho, mtu wa huku kwetu anaweza kuishi kwa kazi ya namna hiyo? Nyumbani wanataka nikimaliza nikasimamie duka la dawa la mjomba. Anayejua anieleze taratibu, sina haraka.

mhesabu_vinasaba:

Mdogo wangu, nimefurahi kuona swali hili. Mimi nilianzia Dar nikaja huku nje kusoma bayoinfomatiki, yani kuchambua vinasaba kwa kompyuta, na jenomu ya kwanza kabisa niliyoifungua kwenye laptopu yangu ilikuwa ya H37Rv, bakteria wa TB anayetumika maabara, hiyohiyo ya Cole na wenzake, kwa hiyo ngoja nikueleze nilivyomwelewa kwa kazi zake.

Jamaa ni Mwingereza, PhD kafanyia Sheffield, akapita Umeå kule Sweden na Tübingen Ujerumani, mwisho akatulia Paris kwenye Institut Pasteur. Na hakuanza na TB. Alianza na E. coli, bakteria wa tumboni ambaye ukimpa chakula anagawanyika kila dakika 20, jioni unapanda asubuhi una majibu. Bakteria wa TB anahitaji kama saa 20 kugawanyika mara moja, na wa ukoma kama wiki mbili. Piga hesabu mwenyewe, muda ambao wa ukoma amegawanyika mara moja, E. coli kama chakula kingekuwepo angekuwa ameshagawanyika mara elfu moja. Sasa mtu ana kijana wake wa PhD mwenye miaka mitatu au minne ya kumaliza, nani atamkabidhi bakteria wa hivyo? Ndio maana wengi waliwakwepa hawa, na ndio maana mimi nawaheshimu sana waliokubali kubaki nao.

Anza na 1992. Isoniazidi, dawa ya TB, ilikuwa inatumika tangu 1952, miaka 40 dawa inaponya watu na bado ilikuwa haijaeleweka vizuri kwa nini bakteria wengine wanaishinda. Ying Zhang na Douglas Young kule London wakishirikiana na kundi la Cole wakaonyesha ni jeni moja inaitwa katG. Yani dawa ikiingia ndani ya bakteria inakuwa bado imelala, bakteria mwenyewe ndiye anaiamsha kwa kimeng'enya chake, akikipoteza kile kimeng'enya dawa inaingia na haimfanyi kitu. Mwaka uliofuata, 1993, Cole akiwa pamoja na Telenti na wengine wakatoa ya rifampisini, dawa nyingine ya TB, kwamba mabadiliko karibu yote ya usugu yanarundikana kwenye kipande kidogo cha jeni ya rpoB.

Sasa geuka uangalie mashine uliyonayo hapo kitengoni. GeneXpert unapoweka makohozi ya mgonjwa, baada ya kama saa mbili inakwambia TB ipo au haipo na rifampisini inafanya kazi au haifanyi. Inajuaje? Inaangalia herufi 81 za rpoB, kipande hichohicho. Shirika la Afya Duniani liliipitisha Desemba 2010. Kutoka 1993 mpaka 2010 ni miaka 17, halafu ndio ikafika wilayani kwenu. Kwa hiyo kila siku unapobonyeza ile skrini, uko mwisho wa kazi iliyoanzia kwenye swali la watu wachache kuhusu jeni moja.

Juni 1998 ndio ikatoka jenomu yenyewe, wakishirikiana na Sanger Centre, kituo cha kusoma jenomu cha Cambridge. Herufi 4,411,529, jeni kama 4,000. Bakteria waliyemsoma asili yake ni mgonjwa aliyetibiwa sanatoria (hospitali ya TB) ya Trudeau jimbo la New York mwaka 1905, wakamtunza maabara vizazi kwa vizazi. Kabla ya hapo kila mtu alikuwa anatafuta jeni moja moja kama mtu anayepapasa gizani, baada ya hapo taa ikawashwa chumba kizima.

Halafu Februari 2001 ikatoka ya ukoma, na hapa ndipo mimi huwa natulia. Herufi 3,268,203, sio kidogo sana kuliko ya TB, lakini jeni zinazofanya kazi ni 1,604 tu. Jeni 1,116 zimekufa. Zipo, unaziona kabisa umbo lake, unaweza kuzilinganisha na za ndugu yake wa TB herufi kwa herufi, ila zimevunjikavunjika haziwezi kutengeneza kitu. Chini ya nusu ya jenomu ndiyo inafanya kazi. Ni kama kuingia nyumba ya ukoo ambayo watu walihama zamani, milango ipo, madirisha yapo, jiko lipo, moto hauwashwi. Amezoea kuishi ndani ya seli za binadamu kiasi kwamba vitu vingi aliviacha vikaoza maana mwenyeji anampa. Na ndio maana hadi leo hakuna aliyefanikiwa kumwotesha kwenye chakula cha maabara, tangu daktari Hansen alipomwona kule Bergen, Norway, 1873, ambayo ni miaka tisa kabla Koch hajamtangaza wa TB.

Na moja ya jeni zilizokufa kwa bakteria wa ukoma ni katG. Unaona inavyorudi? Isoniazidi haitibu ukoma kwa sababu bakteria wa ukoma hana cha kuiamsha. Ndio kazi ya kuwasoma wawili pamoja, mmoja anakueleza mwenzake.

mratibu_mstaafu:

Marahaba mwanangu. Mimi ni nesi, nimestaafu, nimekuwa mratibu wa TB na ukoma wa wilaya miaka mingi kwa pikipiki hadi gari lilipokuja. Mwenzangu hapo juu ameeleza ya maabara vizuri mno, mimi nitakujibu la kibao cha mlangoni.

Mpango wa Taifa wa Kifua Kikuu na Ukoma ulianza 1977, na mtu aliyefanya kazi kubwa na wizara wakati ule ni daktari anaitwa Karel Styblo, Mcheki, mwenyewe aliugua TB alipokuwa mfungwa kwenye kambi ya Mauthausen wakati wa vita vya Hitler. Huyu hakusoma jeni hata moja lakini alisoma rejista. Kila robo mwaka alitaka ujue umeandikisha wangapi, wangapi wamepona, wangapi wamefariki, wangapi wametoroka dawa, na huwezi kumficha mtu kwenye karatasi yake. Mgonjwa anameza dawa mbele ya mtu. Ule utaratibu ulioshikwa hapa Tanzania ndio dunia ilikuja kuuita DOTS miaka ya 90, na watu wengi hawajui kama umepikwa kwetu.

Ukoma na TB viliwekwa pamoja kwa sababu kazi ni moja. Matibabu marefu, mgonjwa akipata nafuu anaacha, lazima kuwe na mtu anayemfuata nyumbani. Wilaya ina mratibu mmoja, pikipiki moja, utamfuata wa TB kijiji hiki na wa ukoma kijiji cha pili siku ileile. Na rifampisini ni ya wote wawili, kwa hiyo mgonjwa wa ukoma kabla hujampa dozi ni lazima umuulize kikohozi, homa za jioni, kupungua uzito, ukikosea ukampa mtu mwenye TB iliyojificha rifampisini ya ukoma ya mara moja kwa mwezi unamtengenezea usugu. Hilo likae kichwani mwako kuliko jenomu.

Zamani tulikuwa na dapsoni peke yake, mtu anameza miaka na miaka na wengine maisha yote, mpaka bakteria wakaizoea. Zilipokuja dawa mchanganyiko, dapsoni na klofazimini na rifampisini, miezi sita kwa wenye mabaka machache, na kwa wenye mengi miaka miwili ambayo baadaye ilipunguzwa kuwa mwaka mmoja, jamani niliona watu wanafutwa kwenye rejista wamepona mpaka nikawa nalia.

Sasa kuhusu bibi. Vidole vilivyojikunja ni cha mwisho na cha pete, sivyo? Kama ndivyo basi ni mshipa wa neva unaopita nyuma ya kiwiko, ukipapasa kiwiko chako ndani utausikia, ndio ule ukijigonga unapigwa kama shoti ya umeme. Bakteria wa ukoma anapenda sehemu za mwili zenye ubaridi na anapenda neva. Na nikuambie jambo, hao wanaosema bibi aliungua huenda hawakudanganyi kabisa. Mkono usiosikia moto unaungua jikoni bila mwenyewe kujua. Mwulize kwa upole kama bado anashika sufuria bila kitambaa, na mwangalie viganja na nyayo kila ukienda nyumbani.

mwana_wa_bahari:

Asanteni kwa madini wakuu, ila mimi kuna kitu kinanikera kidogo na nitasema. Huyuhuyu Cole na wenzake ndio walitoa ile ya kusema ukoma ulianzia Afrika Mashariki. Kila ugonjwa ukitafutiwa kwao unaletwa Afrika. Mimi nina asili ya Komoro, kule Anjouan ukoma bado upo mpaka leo na watu wanatibiwa kila mwaka, jirani akisikia kitu kama hicho anapata cha kusemea. Hivi kwani ilikuwa lazima?

mhesabu_vinasaba:

Mkuu nakuelewa kabisa na wala sitakupuuza, lakini tuisome walichosema chenyewe. Ni 2005, walichukua bakteria 175 kutoka nchi 21, na kwanza kabisa wakakuta wanafanana kupita kiasi, yani tofauti za herufi ni chache mno dunia nzima. Wakatumia zile tofauti chache kama alama za njia. Walichoandika ni Afrika Mashariki au Mashariki ya Karibu, hawakufunga mlango mmoja. Na kilichofuata ndicho watu hawakisimulii, kwamba Afrika Magharibi ukoma unaonekana uliletwa na watu kutoka Ulaya au Afrika Kaskazini, halafu biashara ya utumwa ikaubeba mpaka visiwa vya Karibi. Kwa hiyo ile ramani inaonyesha nani alimbeba nani na kwa meli ya nani. Mimi nikiiangalia sioni tusi, naona ushahidi.

Na ukitaka upande wa pili, mwaka 2016 kundi lao hilohilo walimkuta bakteria wa ukoma kwa kindi wekundu Uingereza, kwenye kisiwa cha Brownsea, na alikuwa karibu sana na yule aliyekutwa kwenye mifupa ya watu wa Uingereza ya zama za kati. Ulaya ilijiona imeshausahau ukoma karne nyingi kumbe kindi wao bado wanao.

Kwa TB vilevile. Kuna kazi ya 2023 ya watu wa Ifakara na wenzao wa Basel waliosoma jenomu za wagonjwa wa Dar es Salaam, wakakuta janga la Dar limetawaliwa na aina zilizoingia kutoka sehemu mbalimbali za dunia ndani ya miaka 300 hivi. Bakteria hana kwao, ana waliombeba tu.

Ah na nyingine, maana hii nimefundishwa vibaya tangu sekondari. Tuliambiwa TB tuliipata kwa ng'ombe. Mwaka 2002 Brosch na Cole na wenzao wakalinganisha vipande vya DNA vilivyopotea, wakakuta TB ya ng'ombe ndiyo imepoteza vipande vingi zaidi ambavyo ya binadamu bado inavyo. Kilichopotea hakirudi, kwa hiyo haiwezekani ya binadamu ikawa mtoto wa hiyo ya ng'ombe ya leo.

mwana_wa_bahari:

Hapo kwenye meli umenigusa mkuu. Nimekubali kuisoma tena kwa utulivu. Lakini naomba wanaofundisha waieleze yote, wasiishie kwenye mstari wa kwanza.

mtoto_wa_hadubini:

Bibi mratibu shikamoo tena, nimepiga simu nyumbani jana usiku. Ni cha mwisho na cha pete. Nimeshindwa kusema kitu kwa muda. Nitaenda mwisho wa mwezi nimwangalie nyayo.

Mkuu mhesabu, nimebaki na moja, kama bakteria wa ukoma haoteshwi popote hiyo DNA ya kusoma jenomu nzima waliipata wapi?

dada_wa_kalcha:

Hilo nijibu mimi maana nafanya kazi maabara ya kuotesha TB, mwaka wa kumi na moja sasa. Kuna mnyama wa Amerika anaitwa armadillo, ana magamba. Wengi wakitafsiri wanamwita kakakuona lakini sio kakakuona wetu wa porini huku, hawana undugu. Mwili wake ni wa ubaridi, nyuzi joto 32 hadi 35 hivi, na bibi mratibu amekwambia bakteria huyu anapenda ubaridi. Kabla yake mtafiti Shepard mwaka 1960 alifanikiwa kumkuza kwenye nyayo za panya, ila wanapatikana kidogo tu. Armadillo kuanzia 1971 ndiye aliyewapa watafiti bakteria wa kutosha, kwenye ini na wengu wake wanajaa mabilioni. Ile jenomu ya 2001 bakteria wake alitoka kwa mgonjwa wa Tamil Nadu, India, akakuzwa ndani ya armadillo. Siku hizi wanaweza kuchota DNA moja kwa moja kwenye kipande kidogo cha ngozi ya mgonjwa, mwaka 2018 kundi la Cole akiwa Lausanne, Uswisi, walitoa jenomu 154 kutoka nchi 25 kwa njia hiyo, na wakaona na usugu wa dawa humohumo. Kwa bakteria usiyeweza kumwotesha hiyo ndiyo njia pekee ya haraka ya kujua dawa bado inafanya kazi, ukisema usubiri nyayo za panya utasubiri miezi.

Sasa nikwambie maisha yenyewe. Kwangu mimi TB kwenye chakula cha yai, ile Löwenstein-Jensen, nasubiri hadi wiki nane kabla sijasema hakuna kitu. Kwenye chupa za MGIT, zenye chakula cha majimaji, ni siku 42. Mwaka fulani nikiwa mahali pengine nilikuwa na sampuli za utafiti kama mia mbili hivi, umeme ukakatika wikiendi, jenereta haikuwaka, inkubeta ikapoa, Jumatatu tunafungua ukungu umetawala. Nilikaa chini kwenye sakafu ya korido. Wiki ya pili tukaanza upya na tukamaliza. Mtu asikudanganye kwamba ni kazi ya kupiga picha na koti jeupe, ni kazi ya kuanza upya.

Lakini kuna kitu hicho kusubiri kinakupa. Unamjua bakteria wako. Namjua wa TB kwa rangi ya maziwa iliyopauka, kwa jinsi anavyokunjamana kama koliflawa, kabla hata sijaweka chini ya hadubini najua. Halafu siku moja unakutana na kitu kisichokaa sawa. Kule Eswatini kulikuwa na wagonjwa ambao GeneXpert ilisema rifampisini inafanya kazi wakati kwenye kuotesha bakteria walikuwa sugu, ikaja kujulikana kuna badiliko la rpoB liko nje kidogo ya zile herufi 81. Lilitolewa 2015. Nani alilikamata? Watu waliokuwa bado wanaotesha. Mashine isingejishitaki yenyewe. Kwa hiyo mdogo wangu usiidharau slaidi unayopaka.

Na BCG, chanjo ya TB, hatujaigusa. Calmette na Guérin kule Lille walimhamisha bakteria wa TB ya ng'ombe chakula hadi chakula mara 230, kuanzia 1908 hadi 1921, mpaka akapoteza ukali. Alipoteza nini? Ilikuja kuonekana kuna kipande kinaitwa RD1, kundi la Cole wakakirudisha ndani ya BCG na ikapata ukali kidogo na kinga bora kwa wanyama. Kipande hichohicho ndicho kinafanya leo kuwe na vipimo vya damu vya TB ambavyo havichanganyi mtu aliyechanjwa na mtu aliyeambukizwa, maana BCG haina protini zinazotoka kwenye kipande hicho. Na ujue BCG inakinga ukoma pia, jirani zetu hapo Karonga Malawi, ukivuka tu kutoka Kyela, walifuatilia watu wengi wakakuta ukoma ulipungua kama nusu huku TB ya mapafu haikupungua. Chanjo ya TB inayozuia ukoma kuliko TB. Mpaka leo hilo nikilifikiria napata hamu ya kurudi shule.

mkweli_daima:

Wakuu mnampa kijana picha nzuri lakini mwambieni na njaa. Mimi nilifanya projekti ya TB miaka minne kwa mikataba ya mwaka mwaka, mfadhili akamaliza, tukapewa barua ya mwezi mmoja, watu kumi na wawili nje, wengine na digrii za pili. Cole alikuwa Pasteur, akaenda chuo cha EPFL Lausanne 2007, akarudi Pasteur kuwa mkurugenzi mkuu kuanzia 2018 hadi 2023. Ana taasisi nyuma yake miaka yote. Huyu kijana nyuma yake ana mjomba na duka. Sisemi asifanye, nasema asiende kichwa kichwa.

dada_wa_kalcha:

Mkweli, pole sana, hilo nimeliona kwa wenzangu wengi na linauma, watu wanaondoka na ujuzi wa miaka wanakwenda kuuza vifurushi vya simu. Sitakubishia.

Ila hata huko kwenye taasisi kubwa sio mteremko. Angalia ile dawa ya BTZ, Cole na wenzake walitangaza 2009 kwamba inamzuia bakteria wa TB kujenga ukuta wake, wakiwa kundi la nchi kadhaa za Ulaya na Urusi, kila mtu akafurahi. Majaribio kwa wagonjwa yakaja kufanyika Cape Town baada ya miaka kama kumi. Mtu ukiingia huku ukitaka matokeo ya haraka utaumia ukiwa Paris au ukiwa Mbeya.

Mdogo wangu kwa vitendo: usiache leseni yako ya maabara, hiyo ndiyo itakulisha. Fanya kazi serikalini au hospitali huku unajifunza, na ujifunze kompyuta mapema maana jenomu hazisomwi kwa macho, mhesabu hapo juu akupe pa kuanzia. Milango ipo, taasisi za utafiti kama NIMR Mbeya na Mwanza, KCRI Moshi, hospitali ya Kibong'oto kule Siha, Ifakara upande wa Bagamoyo, na Kampala maabara yao ya taifa ya TB imepewa hadhi ya kusimamia maabara za nchi nyingine. Chuo cha kilimo SUA Morogoro nao kwa TB ya mifugo, na hapohapo kuna panya buku wa shirika la APOPO wanaonusa makohozi, panya mmoja anapitia sampuli 100 kwa dakika 20, na wamewakamata wagonjwa wengi ambao hadubini iliwakosa. Nenda ukawaone hata kwa siku moja, omba barua chuoni.

mhesabu_vinasaba:

Nikuongezee, jenomu zote hizi ziko wazi bure, H37Rv na ile ya ukoma, huhitaji ruhusa ya mtu. Pakua zote mbili, tafuta katG kwenye ya TB, halafu itafute kwenye ya ukoma uone ilivyovunjika. Fanya kwa bando la usiku, mafaili sio makubwa. Ukikwama niandikie inbox hata saa ngapi.

mratibu_mstaafu:

Na duka la mjomba usilikatae kwa maneno makali mwanangu. Dukani ndiko wenye kikohozi cha wiki tatu wanakoanzia, wanapewa dawa ya kifua wanarudi nyumbani kuambukiza. Ukiwa pale hata Jumamosi tu unaweza kuwatuma watu kupima.

mtoto_wa_hadubini:

Asanteni sana wote, nimesoma uzi huu mara tatu. Nimepakua zote mbili jana usiku. katG ya ukoma nimeiona kwa macho yangu, imekatikakatika kweli kama alivyosema.

Leo asubuhi yule mama wa mabaka amerudi kuchukua dozi ya mwezi wa pili, nikaomba msimamizi niruhusiwe kuchukua mimi kipimo cha ngozi cha sikio, amekubali nifanye wiki ijayo kwa mgonjwa atakayefuata, yeye akiwa pembeni. Dada wa kalcha, naweza kutumia rangi ya Ziehl-Neelsen ileile ninayopakia makohozi?

dada_wa_kalcha:

Ndiyo ila usioshe kwa asidi ileile. Ya makohozi ni asilimia 3, kwa ukoma tumia asilimia 1, rangi haimshiki sana kama wa TB, ukiosha kwa nguvu unamfuta na utaandika hasi. Minya nyama laini ya chini ya sikio vizuri mpaka iwe nyeupe damu isije, kata kidogo, kwaruza, paka duara dogo. Na umsemeshe mgonjwa muda wote.